Mawe chini, mbao juu: namna Goma ilivyojifunza kujenga

Nyumba ya kwanza ya wazazi wangu iko chini ya nyumba yao ya sasa. Iko pale pale kartie Murara, katika parseli ile ile, imefunikwa na jiwe jeusi lenye unene wa karibu mita mbili ambalo lilishuka toka Nyiragongo siku ya alhamisi tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Nilikuwa na miaka 12. Juu ya jiwe hilo papa alisimamisha nyumba ya mbao, vyumba vitatu na sebule, na ndiyo tunayoikaa mpaka leo.

Sasa mdogo wangu anayefanya kazi Lubumbashi anatuma feza ili tuibomoe. Anataka nyumba ya simenti kuanzia chini mpaka kwenye paa, nyumba ya dirable kama tunavyosema mtaani. Huko Katanga anaona watu wakichoma matofali ya udongo wa kichuguu na kujenga kuta nene, na anaporudi Goma kwa likizo anaona haya kulala kati ya mbao zilizopakwa vidanje. Kwake nyumba ya mbao ni nyumba ya mtu aliyekimbia. Papa naye amekataa katakata. Mara ya mwisho walipozungumza kwa simu, mama alichukua simu na kuikata.

Mimi kazi yangu ni kupeleka habari redioni, si kujenga. Lakini mabishano yale yalinifanya nitembee mjini na kuuliza wazee, mafundi wa mbao na mamasoni swali moja: kwa nini Goma inajengwa hivi? Jibu si umaskini peke yake. Ni historia, na nyingine imeandikwa ndani ya misingi ya nyumba zetu.

Tuanze na udongo, maana hatuna. Mtu wa Beni au wa Masisi akitaka kujenga anachimba shimo, anapata udongo mwekundu, anakanyaga, anafyatua matofali. Goma imekaa juu ya miamba ya volkano. Chini ya mji kuna mtiririko wa zamani, juu yake mwingine, na sehemu nyingi ukipiga jembe linarudi na cheche. Mti wa kupika matofali ni ghali, udongo wa kuyafanya uko mbali. Kilicho karibu ni jiwe lenyewe, na mbao zinazoshuka kutoka vilima vya Masisi, Rutshuru na msitu wa Walikale.

Wabelgiji walielewa hivyo mapema. Angalia nyumba zao za zamani zilizobaki kando ya ziwa: msingi mrefu wa jiwe jeusi, ngazi kadhaa kabla ya kufika mlangoni, kisha ukuta. Wafanyakazi wao weusi hawakupewa jiwe. Walijenga upande wa mpaka wa Gisenyi kwa walichokipata, na wazee wa Birere husema jina la mtaa wao linatoka kwenye majani makavu ya migomba ambayo nyumba za kwanza zilifunikwa nayo. Baadaye mbao zikachukua nafasi ya majani, mabati yakachukua nafasi ya nyasi, lakini nyumba ilibaki ile ile: nyepesi, imebanana na ya jirani, na yenye kuweza kuhamishwa.

Neno hilo la kuhamishwa lina uzito wake. Tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, nasi raia tunapewa haki ya kuutumia kwa karatasi. Mtu ambaye hana karatasi kamili huogopa kuzika akiba yake yote katika beto. Mbao anaweza kuzing'oa. Nimeona kwa macho yangu nyumba nzima ikipita barabarani juu ya chukudu tatu: kuta kwenye ya kwanza, mabati kwenye ya pili, na kwenye ya tatu milango na mtoto mmoja aliyekaa juu kushikilia dirisha. Jioni familia ililala ndani yake kartie nyingine.

Funzo la kwanza la mlima kwa watu wa kizazi cha papa lilikuja tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977. Ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika lote katika muda usiofika saa moja. Lava ile ilikuwa nyepesi kama maji, ikateremka kwa kasi hata watu waliokuwa wakikimbia wakafikiwa. Vijiji vya upande wa kaskazini viliteketea, lakini mji uliponea: lava iligandia karibu na uwanja wa ndege. Kwa kuwa mji uliponea, mji ukasahau. Katika miaka iliyofuata watu walipanda wakajenga kuelekea kaskazini, juu ya miamba hiyo hiyo, kwa sababu parseli zilikuwa za bei ya chini na jiwe la kujengea lilikuwa mlangoni.

Mwaka 1994 ulitufundisha jambo lingine, na walilipia wengine. Mwezi wa saba mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Kipindupindu kikawashika. Makumi ya maelfu walikufa, na moja ya sababu ilikuwa ardhi hii: hapakuwezekana kuchimba vyoo, hata makaburi hayakuchimbika. Miamba ilikataa. Tangu hapo, mtu wa Goma akiniuliza nianzie wapi kujenga, namjibu: choo kwanza. Ukinunua parseli, kabla ya kuhesabu vyumba, tafuta mahali ambapo shimo linaweza kuchimbwa, na uliza vijana wa nyundo watataka feza ngapi kwa kila mita. Wengi huanza na sebule nzuri, kisha feza inaisha wakati shimo limefika kwenye kiuno. Ndiyo maana vyoo vingi vya kwetu viko juu, unapanda ngazi kama mtu anayekwenda kuhubiri: shimo limechimbwa nusu, nusu nyingine imejengwa kwa mawe juu ya ardhi. Si ubaya. Ubaya ni kuacha mawe ya shimo bila kuzibwa vizuri, sababu mwamba wa volkano una nyufa, na maji machafu yanapita humo mpaka yanakopita bila wewe kujua.

Sasa nifike kwenye 2002, maana hapo ndipo mji huu ulijengwa upya kwa mikono ya wenyewe.

Asubuhi ile mlima ulipasuka upande wa kusini, na nyufa zikashuka kuelekea mjini. Mchana tuliona moshi, jioni tuliona mwanga. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Karibu asilimia 13 ya eneo la mji ilifunikwa na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Papa alitutanguliza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Kitu kimoja alichochukua, zaidi ya blanketi na redio, kilikuwa fishi ya parseli, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki, mfukoni mwa shati. Wakati ule sikuelewa. Majirani wengi waliacha karatasi zao kwenye sanduku chini ya kitanda.

Wakubwa wa wakati ule, na hata wageni kadhaa, walianza kuzungumza juu ya kuhamisha mji mahali pengine. Watu hawakungoja wamalize. Siku mbili tatu baadaye walikuwa wakirudi, wakitembea juu ya jiwe lililokuwa bado na moto ndani. Viatu vya plastiki vilikuwa vikilainika. Nakumbuka papa akitafuta parseli yetu. Hakukuwa na barabara, hakukuwa na ua, hakukuwa na mti. Palikuwa na nyumba moja ya ghorofa ya jirani, chumba cha chini kimemezwa, dirisha la juu limekuwa kama mlango. Papa alisimama kwenye kona ya nyumba ile akahesabu hatua kuelekea magharibi, akakosea, akarudi, akahesabu tena. Jirani wa upande wa pili alikuwa akihesabu kutoka kwake. Walipokutana walikuwa wamepishana hatua tatu. Walizungumza mpaka jua likazama, kisha wakagawana zile hatua tatu nusu kwa nusu na kuweka mawe ya alama. Sehemu nyingine mambo hayo yaliishia mahakamani. Waliokuwa na karatasi waliongea kwa sauti, wasiokuwa nayo waliongea kwa upole.

Kwa hiyo ushauri huu ni wa bure: karatasi za parseli usizifungie ndani ya nyumba peke yake. Piga picha, mpe mtu wa mbali nakala. Na vipimo vya parseli vichukuliwe kutoka kitu kisichoondoka kirahisi, si kutoka ua wa mianzi wa jirani.

Mashirika ya msaada yalileta mbao, misumari na mabati kwa familia nyingi, vibanda vya muda. Wengine walinunua wenyewe kidogo kidogo. Vile vya muda ndivyo vilivyokuwa mji. Ukipita leo Murara au Virunga unaweza kuvitambua: chumba kimoja cha mraba katikati, kisha vingine vimeongezwa pembeni kila mtoto alipozaliwa au kila mwaka biashara ilipokwenda vizuri.

Namna ya kuisimamisha nyumba ile nimeeleza mara nyingi kwa wageni, na inafaa niiandike hapa, kwa sababu vijana wengi wanaiona kila siku lakini hawaijui. Kwanza unavunja vichwa vya jiwe ili upate usawa. Yale unayovunja hutupi, ndiyo fondasyo yako. Unapanga mawe makubwa pembeni, unayafunga kwa simenti, unajaza katikati kwa vipande vidogo, unapanda mpaka sentimita 50 au zaidi juu ya ardhi. Mbao haikubali kugusa jiwe lenye maji. Juu ya fondasyo unalaza mti mnene wa msingi, uliofungwa kwa vipande vya ferabeto vilivyoachwa vikichomoza katika simenti. Hapo ndipo wengi walidanganya mwaka 2002, wakalaza tu mti juu ya mawe, na upepo wa ziwa ukawafundisha adabu. Kisha nguzo, kisha mbao za kusimama, kisha vipande vyembamba vya kufunika nafasi kati ya mbao na mbao.

Mbao nyingi ni za mikaratusi. Mkaratusi mbichi ni mwongo: siku unayoupigilia umenyooka, baada ya miezi mitatu umejikunja kama mtu mwenye maumivu ya tumbo, na nafasi ya kidole imefunguka ukutani. Papa alinunua mbao zake mbichi kama kila mtu, hakukuwa na nyingine. Lakini alizipanga kivulini, akatenganisha kila mstari kwa vijiti ili hewa ipite, akaweka mawe juu, akatuacha chini ya hema karibu miezi miwili. Mama hakumsamehe haraka. Ukuta wake ndio huu ambao bado umenyooka. Vidanje, yale mafuta meusi yaliyokwisha kutumika katika injini, aliyapaka mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kupigilia, ili yafike pande zote na kwenye vichwa vya mbao, ambako maji huanzia kuingia. Fundi wa siku hizi anapaka mara moja, upande unaoonekana.

Vidanje vina ubaya wake. Nyumba ya mbao inawaka, na ile iliyopakwa mafuta inawaka zaidi. Mimi ndiye ninayepeleka habari za moto wa Birere, nazo ni nyingi mno. Karibu kila mara hadithi ni moja: makala iliyoachwa na moto, mshumaa, au waya wa umeme uliounganishwa na mtu asiyejua, kisha nyumba kumi kwa sababu zimegusana. Anayerekebisha nyumba ya mbao leo na atoe jiko nje kabisa, alijengee kwa mawe. Waya zipite ndani ya bomba. Na kati yako na jirani, kama parseli inakubali, jengeni ukuta wa mawe hata wa mita mbili tu. Papa na jirani wake wa hatua tatu walifanya hivyo mwaka 2006, kila mmoja akalipa nusu.

Jiwe lenyewe lilizalisha kazi. Baada ya 2002 kila parseli ilikuwa machimbo. Vijana walipasua kwa nyundo na patasi za chuma, akina mama walikaa chini ya mwavuli wakivunja kokoto kwa mkono, watoto wakibeba. Wengine walilipa masomo ya watoto kwa jiwe lililoua nyumba yao. Ni kazi ya kuumiza macho na mapafu, na bei ya brueti moja ya kokoto haijawahi kulingana na jasho lake.

Hapo ndipo mji ulianza kubadilika. Miaka ya baada ya 2003 feza iliingia Goma, ya biashara, ya madini, ya mashirika. Wenye nayo walijenga ghorofa Himbi na Katindo. Sisi wengine tulianza kuiga kwa kipimo chetu. Simenti ilifika kwa malori kutoka Rwanda na Uganda, na bloku za simenti na puzolani, ile changarawe nyepesi ya volkano, zikawa zinafyatuliwa pembeni ya kila barabara. Nyumba ya mbao ikawa jambo la kuonea haya. Binti akiposwa, shangazi zake wanauliza kwanza: wanakaa kwenye mbao?

Nami niliingia katika mkumbo huo. Mwaka 2013, kwa mishahara yangu ya kwanza, nilijengea mama chumba cha jiko na stoo kwa bloku, pembeni ya nyumba ya mbao. Nilimpata masoni aliyesifiwa mtaani. Alikuwa mwepesi, wiki mbili akamaliza. Sikukaa naye. Papa ndiye aliyekaa kwenye kiti chake akimtazama, na jioni ya siku ya tatu aliniambia: "Huyu anatia brueti tano za mchanga kwa mfuko mmoja." Nikamjibu kwamba mafundi wa siku hizi wanajua. Papa hakurudia.

Jibu lilikuja tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya jumamosi, jioni. Nyiragongo ulipasuka tena. Safari hii lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikateketeza maelfu ya nyumba upande wa Nyiragongo, ikasimama Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Murara haikuguswa na moto. Lakini siku zilizofuata ardhi ilianza kutikisika, usiku na mchana, tetemeko moja baada ya lingine. Nyufa zilipasua barabara. Tarehe 27 liwali wa kijeshi akaamuru kartie kumi za mji zihame, na yetu ilikuwa kati yao. Mamia ya maelfu ya watu walitoka kwa miguu, kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine kwa mashua mpaka Bukavu.

Tuliporudi, nyumba ya mbao ilikuwa imesimama. Misumari kadhaa ilikuwa imetoka, mlango mmoja ulikataa kufunga, sahani zilikuwa chini. Jiko langu la bloku lilikuwa na ufa kutoka pembe ya dirisha mpaka juu, na pembe ya nyuma ilikuwa imeachana na ukuta, unapitisha mkono. Nilikwaruza simenti kwa kucha. Ilimwagika kama unga.

Bukavu walikuwa wamekwisha kuonja hayo tarehe 3 mwezi wa pili 2008, tetemeko lilipopasua nyumba za matofali wakati watu wengine walikuwa kanisani. Sisi wa Goma tulipeleka pole, tukaendelea kujenga vile vile.

Kwa hiyo simsemi mtu anayetaka nyumba ya simenti. Nasema kwamba ukuta mzito usiofungwa ni hatari kuliko mbao. Masoni mmoja mzee wa Keshero, papa mwenye mvi ambaye anajenga tangu enzi za Mobutu, alinieleza kwa kuchora chini kwa kijiti. Nyumba ya mawe au bloku inahitaji mikanda, yaani shenaji, beto yenye vyuma inayozunguka nyumba yote bila kukatika: mmoja juu ya fondasyo, mmoja juu ya madirisha, mmoja juu kabisa unapokaa paa. Kila pembe iwe na nguzo ya ferabeto iliyofungwa na mikanda hiyo. Wateja wake, alisema, hukubali mkanda wa chini, huomba kupunguziwa wa kati, na wa juu huusahau kabisa wakifikia bei ya mabati. Kuhusu simenti: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa brueti mbili za mchanga, mbili na nusu ukizidisha. Mchanga uoshwe kama una udongo. Na ukuta unyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Simenti haikauki kama nguo, inakomaa, na bila maji haikomai. Nilipomwambia kuhusu brueti tano alicheka kidogo, kisha akauliza kama mchanga wenyewe ulikuwa umeoshwa. Sikujua.

Ipo pia mvua yetu. Moshi wa mlima unachanganyika na mawingu, mvua inashuka na ukali unaokula mabati. Mtu anayetoka Kisangani hashangai bati la miaka 15, hapa kwetu linakuwa chujio mapema. Ukinunua, tazama namba ya unene: namba ndogo ndiyo nene. Geji 28 ni bora kuliko 32, ingawa muuzaji atakutajia 32 kama vile ni kubwa zaidi. Paka rangi mapema, kabla kutu haijaonekana, na kichwa cha kila msumari kiwe na mpira wake. Maji ya paa wengi tunayakinga kwa sababu bomba halitegemewi. Mvua ya kwanza baada ya siku za jua iache ipite, ioshe paa. Hata hivyo maji ya mvua karibu na volkano yanabeba fluori, na watoto wakiyanywa miaka mingi meno yao yanashika madoa ya kahawia. Ya kufua na kupigia deki ni sawa. Ya kunywa, tafuta ya bomba au ya chemchemi iliyopimwa, ukiweza.

Na kwa wanaonunua parseli za bei nafuu upande wa magharibi, kutoka Himbi kuelekea Keshero, Bulengo na Mugunga: ulizeni wenyeji kuhusu mazuku kabla ya kutoa feza. Ni gesi isiyoonekana inayotoka katika nyufa. Ni nzito kuliko hewa, inakaa katika mabonde na mashimo kama maji katika sahani, na inaua mbuzi, mbwa, na watu. Wenyeji wanajua mashimo yao, wanajua wapi majani yamekauka bila sababu na wapi mbuzi hawarudi. Usijenge chumba chini ya usawa wa ardhi huko. Usilalishe watoto sakafuni mahali palipo na bonde. Inua fondasyo. Shimo likikaa wazi muda, usimwache mtu aingie ndani yake asubuhi mapema peke yake.

Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza yote haya. Alisikiliza, kisha akasema: "Yaya, mimi nilitaka tu mama apate sakafu isiyopitisha baridi." Hilo hatukuwa tumelizungumza hata mara moja katika mabishano yote, sakafu. Mama hajawahi kulisema kwa papa, alikuwa akimwambia mtoto wake wa Lubumbashi kwa simu.

Kwa sasa tumefika hapa. Fondasyo ya 2002 tutaiinua mpaka sentimita 80 kwa mawe yetu wenyewe, tutaifunga kwa mkanda wa beto, na sakafu itamwagwa upya juu ya kokoto ili baridi isipande. Mbao zilizo nzima zitarudi ukutani, zilizooza kwa chini tutazikata tuzitumie madirishani, maana kwa kuwa ukuta wa mawe umepanda hazihitaji tena kuwa ndefu. Mabati mapya, geji 28. Jiko langu litabomolewa lote. Mdogo wangu anasema hiyo ni nusu nyumba na ametuma nusu ya feza. Papa anasema ile nusu inatosha kuanza. Masoni wa Keshero anakuja jumatatu, na tangu jana papa anazunguka nyumba na kipande cha chaki, anaandika namba kwenye kila ubao ili zitakapong'olewa zijue pa kurudi. Amefika 64. Upande wa jikoni bado.